Wiki Moja Bila Umeme Wala Bomba: Mwongozo wa Kuiandaa Nyumba ya Tanga

Masika ya mwaka mmoja umeme ulikatika usiku wa Jumatano, mvua ikiwa imepamba moto. Asubuhi bomba lilipiga chafya mara mbili likakauka. Mchana mwanangu wa tatu akaanza kuharisha. Nikatoka Makorora na simu mkononi kwenda duka la dawa; kwenye simu nina shilingi elfu themanini, kwenye pochi sina hata mia mbili. Mtandao ukawa haushiki. Muuza dawa ananifahamu vizuri, lakini tangu asubuhi alikuwa ameshakopesha watu kadhaa na daftari limejaa. Nikarudi nyumbani, nikaomba maji safi kwa jirani mwenye mtungi, nikamchanganyia mtoto chumvi na sukari. Alipona. Usiku ule sikulala, nilikaa nikihesabu vitu ambavyo nyumba yangu haikuwa navyo.

Nilichokiona ni kwamba siku hizi kila kitu cha nyumbani kimening'inia kwenye uzi mmoja. Maji ya jiji letu hutoka Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na pampu inataka umeme. Pesa iko kwenye simu, na simu inataka chaji na mnara ulio hai. Samaki yuko kwenye friji. Uzi ukikatika, vyote vinaanguka siku moja. Kwa hiyo kazi ya mwongozo huu ni kukata vile vifundo kimoja kimoja, ili umeme ukiondoka uondoke peke yake, usiondoke na maji, chakula na dawa.

Lengo ninalokupa ni maji ya siku 7 na chakula cha siku 14, kwa nyumba ya watu sita. Nyumba yako ikiwa na watu wengi au wachache, gawanya na uzidishe. Usijaribu kununua vyote mwisho wa mwezi mmoja. Mimi ilinichukua kuanzia Julai hadi Februari, kidogo kidogo, na sikukopa.

Jua unajiandaa na nini

Mkoa wa Tanga una masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Hizo ndizo nyakati ambazo barabara hukatika na vyoo hufurika. Sisi wa pwani tuna jambo la pili ambalo wa bara hawalijui: bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa wakati wa bamvua, mitaro haina pa kumwaga, na maji hurudi mitaani. Wavuvi wanaijua hesabu hii kwa kichwa. Ukiwa huijui, muulize mmoja, kisha weka alama kwenye kalenda ya ukutani kwa miezi ya Aprili na Mei.

Kimbunga ni cha nadra kwetu lakini si hadithi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na Bagamoyo kikavunja majumba na vyombo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikakatika na nchi nzima ikahangaika na mtandao. Mambo mawili tofauti kabisa, ndani ya mwezi mmoja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa onyo kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Nyumbani kwetu kila rangi ina kazi yake. Ikitoka njano tunajaza vyombo vyote vya maji na kuchaji taa na simu. Ikitoka ya machungwa hakuna safari ya mbali, na vitu vya uani vinaingia ndani. Ikitoka nyekundu tunakaa pamoja, au tunahama mapema kama nyumba iko bondeni. Redio ndogo ya betri ndiyo inayokupa habari hizi simu ikizimika, kwa hiyo iwe miongoni mwa vitu vya kwanza kununua.

Hatua ya kwanza: maji

Hapa nitakaa sana, maana mtu hukaa na njaa siku kadhaa lakini kiu haimpi muda.

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Pangani, alizunguka uani, akaingia jikoni, akatoka.

"Mwanangu, nyumba ina mabomba mawili na haina mtungi?"

"Mama, maji yapo."

"Yapo leo."

Sikumjibu. Kwake kule, mtungi ulikaa pembeni ya mlango wa jiko juu ya mchanga, kata ya kifuu juu yake, na ulijazwa kila jioni hata kama kisima kilikuwa hatua ishirini.

Hesabu iko hivi. Mtu mmoja anahitaji kama lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia. Watu sita kwa siku 7 ni lita 210, yaani madumu 11 ya lita 20. Ukiongeza kuoga kwa kujibana, kutawadha, vyombo na choo, fanya lita 15 kwa mtu, na hapo inakuwa lita 630. Madumu 11 ni maji matakatifu, hayaguswi kwa kufulia. Yaliyobaki yakae kwenye diaba, pipa au simtanki.

Madumu yawe yaliyobeba chakula, kama mafuta ya kula. Dumu lililobeba dawa ya shamba, dizeli au rangi haliwi safi hata ulioshe mara mia. Lile la chakula lioshe kwa sabuni na maji ya moto, tia kokoto ndogo na mchanga, tikisa mpaka utelezi wa ndani utoke, suuza, kausha juani mdomo ukiangalia chini. Kila dumu andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kila wiki mbili mwaga maji kwenye matumizi ya kawaida, jaza upya. Ukifanya hivyo hutapata maji yenye harufu, na hutaona kazi.

Sasa mvua. Watu wa pwani tunanyeshewa zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, kisha tunanunua maji kwa mkokoteni. Kanuni ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Toa asilimia 20 ya yanayorukia nje na kukauka. Paa la bati la mita 8 kwa 6 lina mita 48 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 inakupa 48 mara 25 mara 0.8, sawa na lita 960. Usiku mmoja, simtanki la lita 1,000 linakaribia kujaa. Paa la makuti halifai kwa maji ya kunywa, linatoa maji ya rangi ya chai. Yatumie chooni na bustanini.

Gata lifungwe likiwa limeinama kidogo kuelekea upande wa tanki, ili maji yasisimame. Kisha shughulikia mvua ya kwanza, maana hiyo inashuka na vumbi, kinyesi cha kunguru na majani. Fundi wangu alifanya hivi: kabla bomba la gata halijafika kwenye tanki, aliweka tii, kile kiungio chenye midomo mitatu, na kutoka kwenye tii akateremsha bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 2.5, chini akaliziba kwa kifuniko cha kufungua kwa mkono. Bomba hilo linabeba kama lita 20. Mvua ikianza, maji machafu yanateremka humo kwanza. Likijaa, yanayofuata yanapita juu kwenda tankini. Mvua ikiisha ninafungua kifuniko, maji meusi yanatoka, ninaosha, ninafunga. Kama huna fedha ya fundi, toa bomba la gata kwa mkono, acha paa lijioshe kwa dakika kumi na tano, ndipo ulirudishe. Mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi, iache yote.

Mdomo wa tanki, pipa na diaba uwe na wavu mwembamba au kifuniko kinachobana. Mwaka 2019 homa ya dengi ilisambaa Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia, kwenye pipa lililo wazi, kopo, hata kifuu kilichotupwa uani. Akiba ya maji isiyofunikwa ni shamba la mbu.

Kusafisha maji ya kunywa kuna hatua mbili, na watu wengi huruka ya kwanza. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, au yazungushie shabu kisha uyaache yatulie mpaka tope likae chini, umimine ya juu. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo zinakusanya tope. Lakini kanga, shabu na mlonge haviui vijidudu vya kutosha. Baada ya hapo ndipo unachagua:

- Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, acha yapoe yakiwa yamefunikwa.
- Tumia vidonge vya kutibu maji. Vingi hutibu lita 20 kwa kidonge kimoja na husubiriwa dakika 30, lakini havilingani nguvu, kwa hiyo soma pakiti yako.
- Kama huna kuni wala kidonge, jaza chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita 1 au 2, zilaze juu ya bati juani kwa saa 6. Siku za mawingu ziache siku mbili. Maji lazima yawe maangavu. Ukishindwa kusoma maandishi kupitia chupa iliyojaa, chuja tena.

Maji yaliyokwisha kutibiwa yateke kwa kata yenye mpini au yamimine. Mkono wa mtoto ukiingia ndani ya ndoo, kazi yote imeharibika.

Hatua ya pili: pesa na karatasi

Weka kibubu chenye noti ndogo na sarafu, kiasi cha kuilisha nyumba kwa wiki. Noti ya elfu kumi wakati wa shida haina chenji. Nunua umeme wa LUKU kabla haujafika mwisho, usisubiri mita ianze kulia.

Vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima, kadi za kliniki za watoto, mkataba wa pango au hati ya nyumba: vyote kwenye chombo kimoja cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu mzima anapajua. Vipige picha, mtumie ndugu mmoja anayekaa mkoa mwingine. Andika namba za simu muhimu kwa mkono kwenye karatasi, maana wengi wetu hatujui hata namba za waume zetu kwa kichwa. Humo ziwemo 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 199 ya Wizara ya Afya.

Hatua ya tatu: chakula

Kanuni ni moja: weka unachokula, kula ulichoweka. Usinunue makopo ambayo watoto hawajawahi kuyaonja ukadhani watayafurahia wakati wa dhiki. Cha zamani kikae mbele, kipya nyuma.

Kwa watu sita kwa siku 14 mimi ninahesabu kama kilo 34 za nafaka kwa jumla, mchele na dona au mahindi, kilo 5 za kunde, choroko, maharage au mbaazi, lita 2.5 za mafuta; na sukari, chumvi, majani ya chai na tende. Choroko ninaipendelea kuliko maharage kwa sababu inaiva haraka na mkaa haupotei. Ukiiloweka usiku, asubuhi inataka moto mdogo sana.

Njia ya kuifikia hesabu hiyo bila maumivu: kila unapokwenda sokoni ongeza kitu kimoja. Leo kilo mbili za mchele juu ya zile za kawaida, wiki ijayo kilo moja ya kunde.

Kisha tumia vya kwetu. Nazi isiyofuliwa, ikiwa na makumbi yake, inakaa miezi. Weka kumi au kumi na tano chini ya uvungu wa jiko, na kifuo, kile chuma au mti wenye ncha wa kufulia nazi, kiwe imara, maana nazi bila kifuo ni jiwe. Ng'onda, papa mkavu na dagaa hawahitaji friji. Wafunge kwenye karatasi kisha kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na unyevu, na uwatoe juani kila baada ya wiki mbili. Ng'onda aliyelowekwa, akaoshwa, akatiwa kwenye tui na ndimu, anakulisha vizuri bila nyama wala umeme.

Makopa ni akiba nzuri, lakini hapa naomba tusikilizane. Muhogo mtamu umenye, ukate vipande, uanike kwenye mkeka au bati mpaka uvunjike kwa mlio. Muhogo mchungu lazima ulowekwe siku tatu hivi mpaka ulainike, ndipo uanikwe mpaka ukauke kabisa. Watu hudhurika pale njaa inapobana wakafupisha kazi hii. Sumu yake haionekani kwa macho, na mtoto mdogo ndiye anayeumia kwanza.

Mahindi nayo yana hatari yake: sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Inaletwa na ukungu, na ukungu unaletwa na unyevu, kitu ambacho pwani kimejaa tele. Kwa hiyo kabla ya kufunga gunia, pima ukavu kwa chupa na chumvi:

Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria kavu mpaka ichambuke, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyo kavu kabisa ndani. Tia vijiko viwili vya chumvi, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, iache itulie dakika kumi na tano. Itazame kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Chumvi ikishuka yote chini na kioo kikabaki safi, yamekauka. Mara ya kwanza nilipopima mahindi niliyouziwa kama makavu, kioo kilikuwa cheupe kama kimepakwa unga.

Yakiwa makavu, yaweke kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wenye tabaka tatu, nailoni mbili ndani na gunia nje. Kwanza puliza kila nailoni, zungusha mdomo, ibane, sikiliza kama inavuja. Jaza ya ndani, shindilia ili hewa itoke, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba. Fanya hivyo hivyo ya pili, kisha la nje. Fukusi na dumuzi waliomo hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Usiufungue kila siku. Mahindi ya kula wiki hii yatoe kwenye ndoo nyingine. Mfuko ukae juu ya chaga, mbali na ukuta, na paka awepo, kwa sababu panya mmoja akitoboa nailoni hewa imeingia.

Bustani ndogo husaidia sana masika: mchicha, matembele, kisamvu, mlonge kwenye kona, mpapai mmoja. Kama una kuku wa kienyeji, wapige chanjo ya mdondo kila baada ya miezi 3, tone moja jichoni. Bila hiyo banda lote linaweza kuisha ndani ya wiki.

Na friji? Umeme ukikatika usiifungue. Ikiwa imefungwa hushika baridi kama saa 4, na friza iliyojaa kama siku mbili. Ukiona umeme haurudi, usingoje samaki wabadilike. Wapasue, wapake chumvi, wakaange au uwaanike siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: moto na mwanga

Usitegemee nishati moja. Kama unapikia gesi, mtungi mdogo wa akiba uwe umejaa, na kila mwezi pakaza povu la sabuni kwenye mpira na kiungio. Povu likivimba, gesi inavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo ukisikia harufu fungua milango, usiguse swichi wala kiberiti.

Mkaa uwekwe kwenye pipa kavu lenye kifuniko, maana mkaa uliolowa ni moshi mtupu. Vifuu visitupwe: vinashika haraka na kutoa moto mkali, vinafaa kuwashia. Kwa maseremala vumbi la mbao lipo tele. Chukua ndoo ya bati yenye tundu ubavuni karibu na kitako, simamisha chupa katikati na ingiza kijiti kinene kwenye lile tundu mpaka kiguse chupa, shindilia vumbi kavu pembeni, kisha chomoa vyote viwili taratibu. Linabaki shimo la kupitisha hewa. Washa kwa chini, nalo litawaka kwa saa nyingi.

Jiko lolote la mkaa, kuni au vumbi lipikie nje au penye upepo. Mvua ikinyesha, watu hulikokota ndani na kufunga madirisha, na wengine hulala nalo. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na anayelala hasikii kitu. Bora mle tende na maji usiku huo.

Mwanga uwe wa sola. Taa mbili ndogo zinatosha, zianikwe kila siku hata umeme ukiwepo. Koroboi na mshumaa karibu na chandarua nimekataa kabisa nyumbani kwangu.

Hatua ya tano: dawa

Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, zisipungue kumi, na vidonge vya zinki kama kuna watoto chini ya miaka mitano. ORS ikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika subiri dakika kumi uendelee, na asiachishwe ziwa. Kuharisha maji kama ya mchele, macho kudidimia au mtoto kushindwa kunywa ni safari ya hospitali papo hapo, awe anapelekwa zahanati ya karibu au Hospitali ya Bombo.

Wenye presha, kisukari, pumu au kifafa wawe na dawa za wiki mbili zaidi. Zungumza na daktari mapema, atakuelewa. Insulini isigandishwe. Bila friji, iweke ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, ukitie kwenye chungu kidogo, chungu hicho ukiweke ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, ufunike kwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo.

Homa ya wakati wa mvua ipimwe, inaweza kuwa malaria au dengi. Kabla ya kujua ni nini, tumia parasetamoli tu. Asprini, diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa mwenye dengi kwa sababu ya kutoka damu.

Choo kikifurika, ndoo yenye kifuniko na majivu itawasitiri. Majivu ya jikoni yahifadhi, usiyamwage.

Hatua ya sita: nyumba yenyewe

Kabla ya Machi, mwite mkwezi atoe nazi zilizokomaa na makuti makavu ya mnazi ulioelemea paa. Gongomelea bati zinazopiga kelele upepo wa kusi ukivuma. Safisha mtaro wa mbele, hata kama taka si zako. Mahali unapozima umeme wa nyumba, kila mtu apajue, hata mtoto wa darasa la nne, na azime kabla maji hayajafika kwenye soketi, akiwa mikono mikavu na pekupeku asiwe. Maji yakitembea barabarani usiyavuke kwa miguu wala bodaboda. Yakifika gotini tu tayari yana nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na huoni shimo lililo chini.

Hatua ya saba: majirani

Nyumba yenye akiba katikati ya nyumba zisizo nayo haitakaa na akiba kwa siku mbili, wala haipaswi. Mtaani kwetu tulikuwa wanawake kumi kwenye upatu. Tukakubaliana kwamba kwa mzunguko mmoja, fungu lisinunue vitenge wala vyombo vya sherehe: anayepokea anunue tanki au madiaba, na gata. Miezi kumi baadaye kila ua ulikuwa na pa kukingia mvua. Tukaorodhesha pia nani ana mgonjwa asiyeweza kutembea, nani mjamzito wa mwezi wa mwisho, nani ana pikipiki, nani nesi. Orodha hiyo iko kwa mjumbe, na nakala iko kwa bibi mmoja ambaye hatoki nyumbani. Watoto wanajua kwamba wakitengana na sisi waende kwake, wamwamkie, wakae hapo mpaka mtu wa nyumbani afike.

Zoezi

Mambo haya yote ni maneno mpaka uyajaribu. Chagua Jumamosi moja kabla ya masika. Asubuhi zima umeme kwenye swichi kubwa, ukiacha friji tupu au ukubali hasara ndogo, funga koki ya maji, weka simu pembeni. Ishi hivyo mpaka Jumapili asubuhi, nyote, pamoja na watoto. Pika kwa ulichoweka, oga kwa ulichoteka, na daftari liwe mezani: kila kinachokosekana kiandikwe palepale.

Zoezi letu la kwanza lilitupa mistari kumi na moja. Kiberiti kililowa. Redio ilikuwa na betri zilizovuja. Ndoo ya choo haikuwa na kifuniko. Mtoto wa mwisho alikataa maji ya kidonge kwa sababu ya harufu ya klorini, tukagundua kwamba ukiyaacha kwenye mtungi usiku kucha harufu inapungua na anakunywa. Kiberiti sasa kinakaa ndani ya chupa ya karanga yenye kifuniko, betri zinakaa nje ya redio, na mtungi uko pembeni ya mlango wa jiko, juu ya mchanga.